Binti wa miaka mitano nyumbani redio, shuleni hajatamka neno hata moja. Hii ni tabia au ni ugonjwa?

Mama Redio #1
Habari zenu wakuu, naenda moja kwa moja. Nina binti ana miaka mitano na miezi minne. Nyumbani ni redio isiyozimwa, anaongea mpaka usingizini. Shuleni sasa (chekechea, muhula wa pili huu) hajatamka neno, nasema hata moja, tangu aanze. Mwalimu kwenye ripoti kaandika "mtulivu, ana adabu" na mimi nikafurahi kama mjinga mpaka juzi nilipomfuata mapema nikamkuta kajikojolea kakaa nayo hivyo hivyo, hakuomba ruhusa. Mwalimu anasema sauti ya huyu mtoto hajawahi kuisikia.

Ndo nikaanza kuunganisha. Kila Jumapili jioni tumbo linamuuma, Ijumaa jioni haliumi. Kitanda alishaacha kulowesha tangu ana miaka mitatu, sasa karudia. Halafu ana mchezo wake mmoja, anakusanya ndala zote za humu ndani anazipanga mistari mistari, yeye ndo mwalimu, anazifokea kweli kweli. Ndala moja nyekundu lazima aigeuze iangalie ukuta. Nikamuuliza huyu kafanya nini, akanijibu "huyu haongei".

Baba yake anasema mtoto wa miaka mitano hana akili ya kuugua, eti akili yenyewe haijajaa itaumwa vipi. Wajuzi, inawezekana mtoto mdogo hivi akawa na tatizo la afya ya akili? Na mtu unajuaje kwamba hii ni tabia itapita na hii siyo?

Pilipili Kichaa #2
Akili haijajaa itaumwa vipi 😂😂 huyo mzee apewe kiti cha mbele.

Baba Lao #3
Mi namuunga mkono mzee mwenzangu. Mpaka darasa la pili nilikuwa sisemi na mtu asiye wa nyumbani na leo hii nikishika maiki kwenye kikao watu wananiomba nikae. Hilo ni deko. Anaongea nyumbani kwa hiyo mdomo mzima, masikio mazima, akili nzima, anawapima tu nyie. Siku akishikwa na shida ya kweli atasema.

Mwalimu Chaki #4
@Baba Lao soma tena post ya kwanza mkuu. Kakaa na mkojo. Shida ya kweli zaidi ya hiyo unataka ipi?

Nafundisha chekechea mwaka wa 14 huu na nikiri kitu ambacho walimu wenzangu hawatapenda. Watoto tunaowaandikia ripoti na kuita wazazi ni wale wanaorusha viti. Wale wakimya tunawapenda, darasa limejaa halafu unapata mmoja asiyekupigia kelele, utamlalamikia kwa lipi. Nilishawahi kuwa na mmoja ana rafiki yake anamnong'oneza sikioni, rafiki ndo anamsemea, "mwalimu anataka kwenda chooni", "mwalimu penseli yake imekatika". Nikaona ni utoto mtamu kabisa. Rafiki akahama shule. Ndo nikagundua nimekaa na mtoto mwaka mzima sijui sauti yake ikoje.

Tabibu Mstaafu #5
Mama Redio pole. Hicho unachokieleza kina jina, ukimya wa kuchagua. Mtoto anaongea vizuri kabisa mahali anapojisikia salama, akifika mahali pengine sauti inakata. Mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano lakini hugundulika shule ikianza, kwa sababu nyumbani nani atajua. Kinahesabika kama tatizo kikidumu angalau mwezi mmoja, na ule mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi maana karibu kila mtoto huogopa. Wako keshapita muda huo. Kwenye DSM-5 ya 2013, ule mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, wamekiweka kundi moja na matatizo ya wasiwasi, siyo ya tabia.

Kuhusu swali la baba, ndiyo, inawezekana. Ila watoto hawaji kukwambia "nina msongo". Mtu mzima mwenye sonona anakaa na huzuni, mtoto anaweza kuwa mkali tu, kila kitu anakasirika, analia kwa kitu kidogo, tumbo linauma, na dalili mimi niliyokuwa naiogopa zaidi kliniki ni mtoto aliyeacha kufurahia kucheza. Kutofautisha na tabia naangalia muda imedumu, inatokea sehemu ngapi, inamzuia kufanya nini, na kubwa kuliko zote, kuna kitu alikuwa anakiweza sasa hakiwezi? Mtoto aliyerudi nyuma usimsubiri.

Sina Makuu #6
Tabibu heshima yako, ila jina "kuchagua" ndo linalowapa kina Baba Lao mdomo. Mtu akisikia kuchagua anajua mtoto kaamua. Nilisoma kwamba Mjerumani mmoja, Adolf Kussmaul, mwaka 1877 aliuita ububu wa hiari kabisa, yaani aliona watoto wanakataa kwa makusudi. Ilichukua zaidi ya miaka 100 wataalamu kukubali kwamba mtoto anataka kusema na koo halifunguki. Mimi nilikuwa huyo mtoto. Neno liko hapa mdomoni, umelipanga, unalisikia kichwani, mwalimu anakusubiri, watoto wamegeuka wote, na kadiri wanavyokusubiri ndo koo linakaza. Baadaye ukifika nyumbani unayasema yote kwa mpigo kama bomba limepasuka. Hiyo redio ya Mama Redio naijua mimi.

Baba Lao #7
@Sina Makuu pole mkuu, hapo sina neno. Ila ulipona vipi? Maana na mimi nilipona bila kliniki yoyote.

Sina Makuu #8
Sikupona vizuri. Nimejifunza kuishi nayo, mpaka leo simu za kazini napiga nikiwa nimefunga mlango.

Nesi wa Zamu #9
Jamani kabla hamjafika kwa Wajerumani, PIMENI MKOJO. Mtoto aliyekaa mkavu zaidi ya miezi sita halafu akarudia kukojoa ni lazima aonwe. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, inaweza kuwa choo kigumu (utumbo umejaa unabana kibofu, wazazi wengi hawalijui hili), na inaweza kuwa kisukari cha utotoni. Anakunywa maji sana? Anakonda? Kama ndiyo kwa yote mawili usingoje hata kesho. Na tumbo la Jumapili nalo msiliite la uongo. Wasiwasi unaleta maumivu ya tumbo ya kweli, mtoto haigizi.

Mama Redio #10
Asante nesi. Hakondi, maji ya kawaida. Kesho nampeleka.

Mjomba Wao #11
Naongezea ya kwetu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka saba, mwalimu kila siku "anawaza mbali, hasikilizi". Dada akamnyang'anya simu, akamkataza katuni, akamchapa. Unaongea naye katikati ya sentensi anakutumbulia macho, sekunde kama kumi hivi, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Tukasema dharau hiyo. Siku tumeenda kwa daktari kwa ajili ya kikohozi, dada akalalamika tu kwa kupita. Daktari akatoa kile kipepeo cha karatasi kinachozunguka kwa upepo, akamwambia mtoto puliza, puliza tena, usiache. Dakika ya pili hivi kipepeo kikasimama. Mtoto kashikilia kijiti, macho yako wazi, hayupo. Daktari akatuangalia sisi, hakusema kitu. Kilikuwa kifafa kile kisichoangusha mtu. Dada alilia kwa sababu ya zile fimbo.

Pilipili Kichaa #12
Nilikuja kucheka humu sasa nimenyamaza.

Fundi Mchundo #13
Mjomba hiyo kitu kali. Ila si kila anayezubaa ni kifafa jamani, wangu anazubaa ukimtaja hesabu tu. Yeye mwalimu wake katuambia ana ADHD, lile tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Hatulii dakika mbili.

Baba Lao #14
Ndo hapo sasa. Siku hizi kila mtoto ana herufi zake. Zamani mtoto asiyetulia aliitwa mtundu, akipewa kazi ya kuchosha analala saa mbili usiku. Leo ADHD, kesho sijui nini.

Binti Chanda #15
@Fundi Mchundo mwalimu hawezi kukupa hiyo ADHD, anaweza kukushtua tu. Ili iitwe ADHD lazima ionekane sehemu mbili au zaidi, yaani nyumbani pia na shuleni pia, iwe imedumu angalau miezi sita, na dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka saba.

Tabibu Mstaafu #16
@Binti Chanda yote sawa, ila umri ni kabla ya miaka 12. Saba ilikuwa ya zamani, waliibadilisha 2013.

Binti Chanda #17
Asante Tabibu, kitabu changu cha chuo kimezeeka kama mimi.

Nesi wa Zamu #18
Fundi, wako anakoroma? Analala mdomo wazi? Kuna watoto wana nyama za puani zimevimba, usiku hawalali vizuri, mchana badala ya kusinzia kama sisi wanakuwa na mchecheto. Mkaguliwe na masikio pia. Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio anasikia kama yuko chini ya maji, utamwita mkaidi.

Fundi Mchundo #19
Anakoroma kama trekta 😳 sikuwahi kuwaza kabisa. Nilikuwa najisifia eti karithi kwangu.

Mzee wa Hoja #20
Mnazunguka sana. Watoto wote hawa shida ni malezi, hasa mama. Mama akiwa baridi, hana muda, mtoto anajifungia. Hata usonji wataalamu walisema unasababishwa na mama asiyeonyesha upendo.

Sina Makuu #21
Walisema, na wakakosea vibaya. Daktari mmoja wa akili za watoto, Leo Kanner, aliandika juu ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943 akagusia ubaridi wa wazazi, halafu Bruno Bettelheim akaja akaivalia njuga miaka ya sitini, akina mama wakabebeshwa mzigo wa bure. Wakati huo huo Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji nyumbani kwake, alishaandika 1964 kwamba chanzo kiko kwenye ubongo. Usonji mtoto anazaliwa nao. Tusimrudishie Mama Redio mzigo ambao ulishatuliwa.

Mzee wa Hoja #22
Basi zile chanjo

Binti Chanda #23
Mzee usianze. Ule utafiti wa 1998 uliohusisha chanjo na usonji ulikuwa na watoto 12 na jarida lenyewe lilishaufuta 2010. Tuendelee na ndala.

Mama wa Watatu #24
Nami nirudi kwenye ndala, nashangaa mmeziruka. Watoto wadogo wanasema kwa mchezo. Mtoto akirudia mchezo ule ule, kwa mpangilio ule ule, na hauonekani kumfurahisha, mi naogopa. Wangu wa pili baada ya kushuhudia ajali alicheza gari linagonga miezi mitatu. Gari, gari, pwaa. Hakucheka hata siku moja, uso kama mtu yuko kazini. Tulipompeleka tukaambiwa hata walio chini ya miaka sita wanaweza kubaki na kiwewe, na huo mchezo ndo ilikuwa njia yake ya kukisema. Mama Redio, hebu uliza taratibu: huko darasani kuna mtoto anageuzwa ukutani?

Mwalimu Chaki #25
Hapo mama wa watatu kagusa. Ila pia mtoto wa miaka mitano anaiga. Inawezekana kaona mara moja tu kwa mtoto mwingine. Inawezekana hakuna aliyegeuzwa, ndala nyekundu ni yeye mwenyewe anavyojiona.

Baba Lao #26
Au inawezekana ndala nyekundu haina mwenzake.

Pilipili Kichaa #27
😂😂😂 Baba Lao utatuua

Mama Redio #28
Kweli haina mwenzake. Lakini geuza geuza imeanza shule ilipoanza.

Kiroboto #29
Samahani naingia kati kidogo. Wangu wa miaka minne usiku kama saa moja hivi baada ya kulala anakaa wima anapiga kelele macho wazi, jasho, ukimshika anakusukuma hakutambui. Asubuhi hakumbuki chochote. Ni wazimu unaanza??

Tabibu Mstaafu #30
Hapana. Hizo ni hofu za usingizini, hutokea mwanzo mwanzo wa usiku na mtoto hakumbuki. Jinamizi la kawaida huja usiku ukienda kuisha na asubuhi anakusimulia. Usimwamshe kwa nguvu, mlinde asijigonge, mlaze mapema. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Kiroboto #31
Umenitoa tani kifuani. Mama mkwe alishaanza kunitazama jicho la pembeni.

Mzee wa Hoja #32
Sawa nimekubali la usonji. Lakini sonona kwa mtoto mdogo siikubali. Sonona inataka mtu ajue maisha yamemshinda. Mtoto kashindwa na nini?

Sina Makuu #33
Mzee, daktari wa akili René Spitz miaka ya arobaini aliwaangalia vichanga waliotenganishwa na mama zao wakiwa na nusu mwaka na kitu. Walilia wiki za mwanzo, wakaacha kulia, wakaacha kutazama watu, wakapungua uzito. Hawakujua neno maisha. Na mtafiti Joan Luby huko St. Louis, Marekani, kaonyesha sonona kwa watoto kuanzia miaka mitatu. Kinachobishaniwa ni tuite nini na tutibu vipi wadogo hivyo, si kama wanaumia.

Mzee wa Hoja #34
Kutenganishwa na mama ni huzuni ya haki kabisa, hata mimi ningelia. Huzuni ya haki siyo ugonjwa. Hapo hujanijibu.

Binti Chanda #35
Kwa hili niko na Mzee kidogo. Mstari uko wapi? Mama Redio hujasema, nyumbani kumebadilika kitu? Mmehama? Kuna mtoto mpya? Maana mkojo kurudi na mtoto mchanga kuzaliwa ni ndugu.

Mama Redio #36
...Kuna mdogo wake ana miezi saba. Sikusema kwa sababu anampenda, anambusu, hana wivu kabisa.

Mama wa Watatu #37
Eti hana wivu. Wangu wa kwanza alimbusu mdogo wake mbele yetu, tukitoka anamfunika uso na mto. Muwe makini jamani.

Baba Lao #38
Kumbe! Kesi imekwisha, wivu. Nilisema deko.

Sina Makuu #39
Mdogo ana miezi saba, mkojo kurudi hapo sawa. Ila wivu hauwezi kumnyamazisha mtu shuleni tu akabaki redio nyumbani mbele ya huyo huyo mdogo wake. Ungekuwa wivu angenyamaza nyumbani.

Nesi wa Zamu #40
Inaweza kuwa vyote viwili. Watoto hawaumwi kitu kimoja kimoja kwa foleni.

Mama Redio #41
Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya. Mkojo umepimwa hauna sukari, hauna maambukizi. Ila daktari kambonyeza tumbo akasema choo kimejaa, kampa dawa ya kulainisha, kwa hiyo nesi ulipiga pale pale. Masikio tunaenda wiki ijayo, na kuna mwanasaikolojia wa watoto tumewekwa kwenye orodha, foleni ndefu. Daktari katuambia kwa sasa tusimlazimishe kuongea, tusimuahidi zawadi akisema, tusimsemee kila kitu pia. Waanze na mwalimu mmoja, chumba kitupu, mchezo, na mimi niwepo.

Kuhusu ukuta nimemuuliza mwalimu. Kasema hapana, hawafanyi hivyo. Mama wa mtoto mwingine darasa hilo hilo kaniambia mwanae naye alishasema "kageuzwa". Sijui nimwamini nani.

Halafu jana nilirekodi kwa siri kwenye simu binti yangu akifundisha ndala. Leo asubuhi nikampa mwalimu asikilize pembeni, mtoto hayupo. Sauti ile inafoka, "kaa chini! soma kwa sauti! nani anapiga kelele huko nyuma!" Mwalimu akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ndo yeye. Akaomba nirudie. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "hayo ni maneno yangu."

Mwalimu Chaki #42
Dah.

Baba Lao #43
Sasa hapo mwalimu kakiri au kasema tu mtoto anaiga vizuri?

Mama wa Watatu #44
Kakiri.

Mwalimu Chaki #45
Hajakiri kitu. Kila mwalimu wa chekechea duniani anasema "nani anapiga kelele huko nyuma". Mimi nimesema leo mara nane.

Fundi Mchundo #46
Tuko hospitali foleni ya pua na masikio, trekta langu limelala mapajani linanguruma watu wanageuka. Mama Redio, ndala nyekundu leo imeangalia wapi?

Mama Redio #47
Bado ukutani. Ila leo kaisogeza mstari wa mbele.